Aliposti Kwanza, Risiti Akatafuta Baadaye

Mjini ndoa ikivunjika, kitu cha kwanza kufutwa ni picha. Asubuhi mume hayupo tena Insta, jina lake limeondolewa, na pale juu kuna kaujumbe ka "Mungu ni mwema". Mpaka mchana habari imeshatoka Tegeta imefika Mbagala.

Mpambaji maharusi mmoja wa Dar, mwenye wafuasi kibao, alifanya hivyo hivyo. Ndoa ya miaka 7, watoto wawili, nyumba Goba. Wiki ile ile mume akabadilisha kufuli. Bahasha ya kaki yenye mkataba wa kiwanja na risiti za tofali na nondo ikabaki ndani. Kiwanja kina jina la mume. Nusu ya hela ilikuwa ya mke, ila alikuwa anampa keshi mkononi. Nani anaandikishana na mumewe jamani?

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inairuhusu mahakama kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma pamoja, na inaangalia mchango wa kila mmoja, uwe hela, mali au kazi. Kwa hiyo jina kwenye hati halimalizi mjadala. Ila mchango lazima uuthibitishe.

Wengi wanajua ule msemo kwamba hata kupika na kulea ni mchango. Ni kweli, Mahakama ya Rufani ilisema hivyo 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kinachosahaulika ni mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona hela aliyopewa na mume afanyie biashara aliitapanya. Hoja alishinda, mgawo hakupata.

Shoga yake mpambaji, mwenye duka la vipodozi Sinza, naye ndoa ilimshinda. Yeye hakuposti kitu. Miezi mitatu alikuwa anapika, anacheka na mawifi, huku anajipanga. Alipiga picha kila karatasi ya nyumba na kadi ya gari, akamtumia dada yake. Alichukua taarifa ya benki na ya miamala ya simu, inayoonyesha hela alizokuwa anamtumia fundi. Nakala za cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto akaziweka kwa mama. Mauzo ya duka akaanza kuyapitisha kwenye akaunti ya jina lake.

Halafu akaenda kwa msaidizi wa kisheria. Akaambiwa nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, kifungu cha 59, na anaweza kuiwekea zuio. Akaambiwa pia kwamba kwa kawaida huwezi kukurupuka mahakamani. Unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, na cheti chake kisizidi miezi sita siku unayofungua shauri. Ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili, unaomba kwanza ruhusa ya mahakama.

Akaonywa na jambo moja: kujipanga siyo kuficha. Ukihamisha hela za pamoja au ukauza gari kimyakimya, unampa mwenzako silaha ya kukumaliza nayo mbele ya hakimu.

Ndoa zote mbili zimekufa, na maumivu ni yale yale. Tofauti ni kwamba wa Sinza alifika barazani na faili, akiwa anajua wanawe watalala wapi na kodi ya nyumba italipwa na nini. Mpambaji bado anamtafuta fundi aliyejenga nyumba ya Goba aje kumtolea ushahidi. Fundi alishahama, na namba yake haipatikani.