Kidole cha Shangazi

Kopo la kwanza la krimu yangu lilirudi siku ya 19 baada ya kuliuza. Jirani yangu, mtu mzima ninayemwita shangazi, aliliweka mezani, akafungua kifuniko, akanyamaza. Ukungu wa kijivu ulikuwa umetanda ukingoni kama utando wa buibui.

"Shangazi, umetia kidole chenye maji," nikamwambia.

Akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi, akaondoka na kopo jingine la sufuria ile ile.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa sabuni: ya mwani, ya karafuu, ya liwa. Miaka minne, na hakuna kipande kilichonivundia, nikajiona fundi. Sikujua kwamba sabuni ya kostiki soda hujilinda yenyewe kwa ukali wake, na ikishakauka haibaki na maji ya kuwafaa vijidudu. Krimu ni kinyume chake. Karibu robo tatu ya krimu yangu ilikuwa maji ya waridi na utomvu wa alovera, nikazidisha unga wa mwani. Vijidudu niliwapikia uji.

Na si kwamba nilisahau kihifadhi. Aibu yangu iko hapo: nilikuwa nimefikiri. Lebo yangu ilijisifu kuwa haina kemikali, kwa hiyo vihifadhi vya dukani sikuvitaka. Lakini nyuma ya krimu moja ya kigeni nilisoma "setili alkoholi", nikasema kumbe hata wakubwa wanatumia pombe. (Setili alkoholi ni kitu cheupe kigumu mithili ya nta. Kazi yake ni kuipa krimu uzito, haihifadhi chochote.) Nikaenda duka la dawa, nikanunua spiriti ya asilimia 70.

Kila kilo ya krimu niliitilia mililita 50. Hesabu yake ni ya mtoto wa darasa la tano: pombe halisi humo ni mililita 35, ndani ya maji yanayozidi 700. Haifiki asilimia 5. Ethanoli ikiachiwa kazi ya kuhifadhi peke yake hutaka asilimia 15 hadi 20 hivi ya maji yote, na ukifika huko krimu huweza kukatika, mafuta huku na maji kule, na ngozi ikakauka. Tena niliimimina sufuria ikiwa bado ya moto, nyuzi kama 70, na ethanoli huchemka kwenye 78. Jiko zima lilinuka spiriti, nami nikafurahia usafi. Kumbe ile harufu ndiyo kihifadhi chenyewe, kinatokea dirishani.

Makopo yalikuwa 40. La tatu liliporudi likinuka kama maji ya chombo cha maua yaliyolala, nikalaumu joto. La tano lilikuja na dada mwenye vipele vya usaha shingoni. Hakuja kugomba. Aliuliza kama aongeze kupaka.

Hapo nikaketi. Mtu wa maabara alinifanyia hisani akapima makopo mawili, lenye ukungu na lililoonekana safi. Lile safi ndilo lililootesha bakteria wengi zaidi. Akanitajia fenoksiethanoli, ambayo sheria za Ulaya haziruhusu izidi asilimia 1. Kiasi cha kijiko kidogo tu kwa nusu kilo, nami nilikuwa nimekikimbia kwa sababu ya jina.

Nilizunguka nikakusanya, yakawa 34 pamoja na yale yaliyorudi. Mawili yalikwishapanda ndege kwenda Muscat, manne sijui.

Shangazi nilimwachia mwisho. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamrudishia pesa zake na kumwambia kwamba mafuta ya nazi niliyouziwa yalikuwa mabovu. Akamlaani muuza mafuta. Akanituliza, mwanangu usijali, biashara ndivyo ilivyo. Akasema tangu siku ile hafungui kopo lolote kabla hajakausha vidole kwa khanga.

Mafuta ya nazi yalikuwa mazima.