Chumba cha Ndani

Nilipokuwa kijana nilikwenda Uskoti kusoma, nami nilikuwa na kiburi kwa Kiingereza changu. Nilikuwa nimeufaulu mtihani wake kwa alama za juu, nikadhani kuwa hapana neno la watu wale litakalonishinda. Neno lililonivunja kiburi lilikuwa la herufi tatu tu, nalo ni neno la nyumba. Napenda nikueleze habari zake, msomaji, kwa kuwa kosa nililolifanya mimi waweza kulifanya wewe pia katika nchi yo yote utakayofika ugenini.

Siku moja ya baridi kali mwanafunzi mwenzangu alinialika kwa mama yake, mjane aliyekaa shamba katika nchi ya Ayrshire. Mimi nilitangulia kufika, kwani mwenzangu alipitia dukani. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mawe, yenye mlango mmoja wa nje na vyumba viwili tu. Bibi yule alinifungulia, akanishika mkono kwa furaha, akasema, "Come ben," kisha akageuka akaingia chumba cha pili. Neno la kwanza nalilijua, yaani njoo. La pili nalilijua kuwa ni jina la mwanamume. Nikadhani anamwita mtoto wake mwingine. Basi nikabaki nimesimama jikoni, koti mwilini na kofia mkononi, nikimngoja huyo Ben atokee. Bibi akarudi, akasema maneno yale yale, akaenda zake. Hakutokea mtu. Nikaanza kunung'unika moyoni: je, mgeni huachwa amesimama jikoni kama mchukuzi aliyeleta kuni? Naye, kama nilivyoambiwa baadaye, alikuwa ameketi peke yake, machozi yakimlengalenga, akidhani kuwa nimeidharau nyumba yake.

Mwenzangu alipofika alitukuta katika hali hiyo, kila mtu na uchungu wake, na ukuta mmoja katikati. Akacheka sana, kisha akanieleza.

Zamani wakulima na mafundi wengi wa Uskoti walikaa katika nyumba za vyumba viwili. Chumba cha kwanza kiliitwa "but", ambalo hutamkwa karibu na "bat". Humo ndimo mlimokuwa na moto na chungu. Humo watu walipika, walikula na kufanya kazi zao. Chumba cha pili kiliitwa "ben", na aghalabu hakikuwa na mlango wake wa nje. Ilimpasa mtu kupita jikoni ndipo akifikie. Humo viliwekwa vyombo vizuri vya nyumba, na humo alikaribishwa mgeni wa heshima. Mara nyingi kilichovitenga vyumba hivyo hakikuwa ukuta wa mawe, bali vitanda vya mbao vyenye milango, vilivyofanana na makabati. Nyumba nzima ikaitwa "but and ben", yaani nje na ndani.

Maneno hayo ni ya kale sana. Katika Kiingereza kilichosemwa miaka elfu iliyopita, "butan" maana yake ilikuwa upande wa nje, na "binnan" upande wa ndani. Waholanzi hata leo husema "buiten" na "binnen" kwa maana hizo hizo. Tazama jambo la ajabu: lile "but" tulilofundishwa darasani kuwa ni "lakini" ni neno hilo hilo. Mwingereza asemapo kwamba wote walikuja "but" mmoja, ni kama kwamba amemwacha mmoja nje ya mlango. Walakini usilichanganye "ben" la nyumba na lile la Ben Nevis, mlima wa mita 1,345 uliopita milima yote ya Uskoti kwa urefu. Hilo ni neno la Kigaeli, na maana yake ni mlima.

Baadaye maneno hayo yalitoka katika vyumba yakaingia katika mioyo. Mtu aliyependwa na kuaminiwa sana na mwenziwe alisemwa kuwa yu "far ben" kwake, yaani amefika ndani sana. Hivyo nyumba ya maskini iliwapa watu kipimo cha kupimia urafiki. Wako wasomi wa karne ya 18 walioona haya kuyatumia maneno kama haya, wakajitahidi kuyaondoa katika usemi wao ili wafanane na watu wa London. Lakini wako pia waliojua thamani yake. Mwaka 1808 John Jamieson, mhubiri, alitoa kamusi kubwa ya Kiskoti, akaonyesha asili ya maneno ambayo wengine waliyaita ya kishamba.

Hata mshairi mkuu wa Waskoti, Robert Burns, alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo huko Alloway, katika nchi hiyo hiyo ya Ayrshire, mwaka 1759. Baba yake aliijenga kwa mikono yake, kuta za udongo na paa la nyasi. Mtoto alikuwa hajatimiza wiki mbili dhoruba ilipobomoa sehemu ya ukuta, ikabidi yeye na mama yake wakimbiziwe kwa jirani. Nyumba ingali iko, na wageni wengi huizuru. Wafikapo huonyeshwa kitanda alichozaliwa, nacho hakimo katika chumba cha heshima. Kimo jikoni.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu mimi ni mtoto wa Lamu. Nyumba ya mawe ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa na daka mlangoni, na mgeni wa kawaida aliishia hapo kwenye baraza. Mbele ya daka ulikuwako ua, kisha misana, kisha chumba chenye zidaka ukutani, nacho jina lake ni ndani. Jina la chumba, msomaji! Nilipokuwa mdogo niliweza kumjua mtu alivyo kwetu kwa kutazama mahali alipoketi. Basi mimi niliyekulia katika nyumba yenye chumba kiitwacho ndani, nimeitwa ndani mara mbili na mwanamke mkarimu, nami nimesimama jikoni nikikasirika.

Niliingia. Chumbani mlikuwa na moto wa makaa uliowashwa tangu asubuhi, na mwenzangu alininong'oneza kuwa mama yake, kwa uhaba wa fedha, hakuuwasha moto ule ila kwa mgeni. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari za huyo Ben niliyekuwa nikimngoja. Alicheka hata akafuta macho kwa aproni yake, akakivuta kiti changu karibu na moto.

Utakapokuwa mgeni, nawe ukasikia neno usilolijua, usifanye haraka kumhukumu aliyelisema. Uliza maana yake. Mimi sikuuliza, kwa kuwa niliona haya kuonekana sijui, na haya hiyo nusura itutenge watu wawili waliokuwa wakitakiana heri.