Mtoto wa Fundi Cherehani

Akina mama wenzetu, kuna siku mzazi anafunzwa na mtu asiyemjua, tena kwa lugha asiyoielewa. Sisi yalitupata mwaka 2015.

Mwaka huo binti yetu anayeishi Texas, Marekani, alijaliwa mtoto wake wa kwanza. Tulikwenda wote wawili, mama kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, baba kumwona mjukuu. Kati yetu, baba ndiye fundi cherehani. Kwa cherehani hiyohiyo, pale Morogoro, tumewalisha na kuwasomesha watoto wetu wote.

Lakini tulisafiri na mzigo moyoni. Kijana wetu wa mwisho tulikuwa tumempeleka chuo cha ushonaji ili aje aurithi ufundi wa baba yake. Alimaliza, akaleta cheti, akakiweka mezani. Kisha akatuambia kwamba yeye kazi yake ni kusherehesha harusi. Baba alimjibu kwamba kupiga domo si kazi. Kijana akaondoka nyumbani, na kwa karibu miaka miwili salamu zake zilikuwa zikitufikia kupitia kwa dada yake.

Jirani wa binti yetu kule Texas alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Chile. Jumamosi moja jioni alitukaribisha kwake. Alikuwa amepika, na televisheni ilikuwa imewashwa. Kipindi kiliitwa Sábado Gigante, maana yake Jumamosi Kubwa, na kweli kilikuwa kikubwa, maana kiliendelea kwa saa tatu nzima. Mlikuwa na nyimbo, mazungumzo, michezo ya bahati na vichekesho. Watu wa kawaida walipanda jukwaani kuimba, na aliyeimba vibaya alikatizwa na mtu aliyefunika uso akipuliza tarumbeta. Hatukujua hata neno moja la Kihispania, lakini tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Mwenye kipindi alikuwa mzee mnene mwenye tabasamu, akiwaongoza watu kama baba mwenye nyumba anavyoongoza wageni wake. Mama jirani alituambia, binti yetu akitafsiri, kwamba wote humwita Don Francisco, ila jina lake hasa ni Mario Kreutzberger. Halafu akaongeza neno lililomfanya baba aweke kijiko chini: “Huyu ni mtoto wa fundi nguo.”

Tulimwomba atusimulie. Wazazi wa Mario walikuwa Wayahudi wa Ujerumani waliokimbia utawala wa Wanazi, wakapata hifadhi Chile. Yeye alizaliwa mjini Talca tarehe 28 Desemba 1940. Alipokuwa kijana, baba yake alimpeleka New York akajifunze ubunifu na ukataji wa nguo, ili arudi kuendeleza kazi ya familia. Kule, katika chumba cha hoteli, kijana aliona televisheni kwa mara ya kwanza. Wakati huo kwao Chile televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Alisoma ushonaji, lakini aliporudi nyumbani moyo wake ulikuwa kwenye lile sanduku lenye picha.

Hapo tukatazamana. Ilikuwa kama mama yule anasimulia habari za nyumba yetu.

Kipindi chake kilianza mwaka 1962, katika kituo cha televisheni cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile. Mwanzo kilikuwa cha Jumapili, baadaye kikahamia Jumamosi. Hata lile jina la Don Francisco lilitokana na mchezo wa kuigiza wa ujana wake, alipokuwa akiwachekesha wenzake kama mzee wa Kijerumani. Mwaka 1986 alianza kukitayarisha kipindi Miami kwa ajili ya wasemao Kihispania huko Marekani, na kwa miaka kadhaa akawa anapanda ndege kati ya Miami na Santiago, huku na huku, asiache watazamaji wa upande wowote. Mwaka 1978 alikuwa ameanzisha pia Teletón, matangazo ya saa 27 mfululizo ya kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wenye ulemavu nchini Chile.

Tusifiche: si kila kitu kilitupendeza. Kwa miaka mingi kipindi kile kilikuwa na mashindano ya wasichana waliovalishwa nguo chache na kupimwa kwa maumbile yao. Mama jirani naye alikunja uso alipolitaja jambo hilo. Tena tulijiuliza, mke na watoto wa mtu ambaye kila Jumamosi ni ya watu wengine, wao walibaki na siku gani? Alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo mtangazaji yule alikosa kipindi kimoja tu, mwaka 1974, mama yake alipofariki. Mama wa nyumba yetu alifuta machozi aliposikia hayo.

Tulirudi kwa binti usiku, kimya. Kimya hicho tunakijua. Ndicho kinachotangulia maneno mazito. Mwishowe baba akasema, “Yule mzee wa Talca naye alitoa ada.” Basi. Hakuongeza neno.

Tuliongea mpaka usiku wa manane. Tulikumbuka kwamba kijana wetu alipokuwa mdogo, wateja walikuwa wakija kuchukua nguo na kuketi saa nzima kwa sababu ya hadithi zake. Sisi tulimfukuza akashike pasi. Kipaji kilikuwa mbele ya macho yetu, tukakiita utundu. Tulikumbuka pia kwamba yule fundi wa Chile alikuwa mkimbizi, na kwa mkimbizi ufundi ndio shamba na ndio nyumba. Hakukosea kutaka mwanawe aushike. Nasi hatukukosea kumtakia mtoto wetu kazi ya mikono. Kosa letu lilikuwa kumfungia mlango.

Asubuhi baba aliomba simu. Binti akatafuta namba, akampa. Tulisikia inaita, kisha sauti ya kijana wetu ikasema, “Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” akajibu. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Tukaogopa atakata simu. Ndipo akauliza, “Kifua chako siku hizi ni inchi ngapi? Na mabega?”

Kijana hakuelewa.

“Nataka kukushonea suti,” baba akasema. “Huwezi kusimama mbele ya harusi za watu na suti ya mtumba, na wewe ni mtoto wa fundi.”

Sábado Gigante kilifika mwisho tarehe 19 Septemba 2015, baada ya miaka 53. Wakati huo sisi tulikuwa tumesharudi Morogoro, na kitambaa cha rangi ya kijivu kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya kukatia. Kijana alikuja mwenyewe kupimwa, kwa sababu, kama alivyosema baba yake, vipimo vya simu haviaminiki.