Mlipe Fundi kwa Kupima

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umepeleka gari gereji kwa sababu usukani haupati moto, atakucheka mpaka machozi yamtoke. Kwetu usukani unapata moto wenyewe. Egesha gari juani Kariakoo saa sita mchana uone kama utaushika. Huku Minnesota, Marekani, siku za Januari ambapo baridi inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, vidole vinakufa ganzi hata ndani ya glavu, na usukani wenye hita si pambo. Ukigoma kupata joto, jinsi gereji za huku zinavyoutafuta ugonjwa wake ina faida hata kwa mwenye gari ambaye hajawahi kuona theluji.

Mfumo wenyewe hauna uchawi. Chini ya ngozi ya usukani kuna waya mwembamba unaopata joto umeme ukipita, pamoja na kihisi kidogo cha kupima joto ili mikono isiungue. Ukinzani wa waya huo ni omu chache tu. Chukulia ni omu 2 kwa betri ya volti 12: utavuta ampea 6, yaani wati 72. Kazi ipo kwenye kuufikisha umeme huo, maana usukani unazunguka na gari halizunguki nao. Kwa hiyo nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki lenye utepe wa nyaya uliojikunja, unaojifungua na kujikunja tena kila unapokata kona. Mafundi wanauita klokispringi. Ndani ya utepe huo zimo pia njia za honi, za vitufe vya redio na za eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva.

Gereji ya huku inaanza na maswali. Tatizo lilianza lini? Injini ilikuwa inawaka? Kuna taa yoyote iliyojitokeza kwenye dashibodi? Kisha unatajiwa bei ya kupima peke yake, mara nyingi malipo ya saa nzima ya fundi, na saa hiyo mjini inapita dola 100. Hapo hakijatengenezwa kitu. Sheria ya Minnesota inakupa haki ya kuomba makadirio kwa maandishi, na wakishakupa, bili haipaswi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10 bila wewe kukubali.

Baada ya hapo fundi anakwenda kwa mpangilio. Kwanza anahakikisha kwamba ugonjwa upo kweli, kwa sababu magari mengine huzima hita ya usukani yenyewe baada ya nusu saa hivi, na mengine hayaiwashi kabisa kama ndani kuna joto. Anachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine inamwonyesha njia yenye hitilafu, lakini haimwambii sababu: waya uliokatika, plagi iliyoshika kutu na hita iliyokufa vinaweza kutoa msimbo uleule mmoja. Anafungua mchoro wa nyaya, anapima fyuzi pande zote mbili, anabonyeza honi. Honi ikiwa imekufa na taa ya eabegi inawaka, mshukiwa wa kwanza ni klokispringi. Honi ikilia na vitufe vikifanya kazi, macho yanageukia fyuzi, swichi na hita yenyewe. Kabla ya kugusa usukani anachomoa hasi ya betri na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana mfumo wa eabegi hubaki na umeme hata betri ikiwa imechomolewa. Ndipo anapima omu za hita. Mita isiposoma chochote, waya umekatika ndani ya usukani.

Sasa twende Gerezani, kule Dar. Fundi umeme wa pale hana mchoro wa gari lako, na kitabu kilichokuja nalo kutoka Japani kimeandikwa Kijapani. Mkononi ana balbu ya taa kubwa iliyochomelewa nyaya mbili. Waya mmoja anaubana kwenye bodi ya gari, wa pili anaugusisha kwenye plagi, kisha anaitazama balbu. Ikiwaka kwa unyonge, anatikisa kichwa: waya umeoza. Usiidharau balbu ile. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 12 kwenye mita vizuri kabisa, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Balbu ya wati 55 inavuta ampea 4 na nusu hivi, mzigo unaokaribia ule wa hita ya usukani, na waya mbovu unaumbuka papo hapo. Mafundi wa huku nao wanafundishwa kupima waya ukiwa na mzigo. Ila balbu hiyo ikae mbali na nyaya nyembamba za kompyuta na plagi za njano za eabegi. Hapo inaweza kuua kompyuta au kufyatua mfuko.

Na kwenye kutengeneza, fundi wa Gerezani anawashinda wa huku. Hita ikikatika huku, mara nyingi unabadilishiwa usukani mzima, kwa kuwa saa za kuchambua ngozi na kuchomelea waya zitakula pesa zaidi ya kifaa kipya. Kwetu atafungua, atatafuta palipokatika, atachomelea na kushona ngozi upya.

Tunapoharibu ni kwenye malipo. "Fundi, hebu icheki kwanza." "Sawa bosi." Kucheki kwetu ni bure. Akitumia asubuhi nzima na kugundua kwamba ni fyuzi, tunasema "kumbe fyuzi tu!" na kumwachia pesa ya soda. Akisema klokispringi imekufa, anapata pesa ya kufunga, na pengine chochote kutoka kwa muuza spea. Yaani tumempangia njaa kila anapokuwa mkweli, halafu tunalalamika kwamba mafundi wanabahatisha.

Hasara yake si ya hita, maana hakuna anayeihitaji Dar. Ni ya honi iliyokufa na taa ya eabegi isiyozimika kwenye magari yetu ya mtumba. Mteja anataka taa izime leo, kwa bei ndogo. Basi wapo wanaong'oa balbu ya onyo au kufunga rezista ya kuidanganya kompyuta. Dashibodi inatulia, na siku ya ajali mfuko haufunguki.

Kwa hiyo, wewe uliye nyumbani, na wewe unayetuma pesa ya matengenezo kutoka huku: kubalianeni na fundi bei ya kupima kabla hajafungua kitu. Mwambie akuonyeshe alichokipima, na mlipe bei hiyo kamili hata kama ugonjwa ni fyuzi ya bei ya peremende. Ujuzi wa kupima anao. Anachokosa ni mteja wa kuulipia.