Betri ni Nzima

Umeme uliokatika kabisa hausumbui sana, kwa kuwa fundi anajua pa kuanzia. Unaochosha ni ule unaokatika na kurudi wenyewe. Ukimwita fundi, taa zinawaka, akiondoka, giza. Wakristo wengi wanaokuja ofisini kwetu hueleza imani yao namna hiyo hiyo. Jumapili wanaimba kwa furaha, Jumatano sala haitoki, Ijumaa inarudi, na sababu hawaijui.

Kwa miaka kadhaa tumetumia gari la uinjilisti lenye vitanda viwili, friji ndogo, taa na vipaza sauti. Vyote hivyo hutegemea betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia injini. Safari moja, tukiwa vijijini Singida, umeme ulianza kukatika katikati ya mahubiri. Gari likitulia usiku, asubuhi kila kitu kinawaka. Mwenzetu mmoja alisema, "Mchungaji, betri hii imekufa. Tununue mpya."

Fundi tuliyempata hakututuma dukani. Alipima betri bila kuwasha chochote, mita ikasoma volti 12.6, kipimo cha betri iliyojaa. Kisha akataka tuwashe taa, friji na vipaza sauti kwa pamoja. Kwenye betri mita ilisoma 12.4, lakini kwenye vipaza sauti ilisoma 10.8. "Betri ni nzima," akasema. "Umeme unapotelea njiani." Akagusisha waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya gari. Hapo panapaswa kusomeka karibu na sifuri, ilisoma 1.5. Waya wa ethi, unaounganisha bodi na betri ili umeme upate njia ya kurudi, ulikuwa umefungwa kwa bolti iliyolegea, na chini yake kutu. Gari likitikisika kiungo kinaachia, likitulia kinagusa tena. Akafungua, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Umeme haukukatika tena safari ile.

Tunasimulia haya kwa sababu ya ushauri ambao washarika wetu hupewa mitaani. Mama mmoja alitujia akilia. Tangu afiwe na mumewe, sala zilikuwa zikimkatikia. Jirani alimwambia kwamba ubatizo wake wa utotoni haukuwa na nguvu, akabatizwe upya. Naye alitaka kujua kama aende.

Tulimjibu kwamba ubatizo ni ahadi ya Mungu, na ahadi hiyo haikufa siku alipomzika mumewe. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anatufundisha kuurejea ubatizo wetu kila siku kwa toba. Hatufundishi kutafuta maji mengine. Kisha tukamuuliza, mzigo unapokuwa mzito, ni wapi panapoachia? Akafikiri, akasema ameacha kwenda jumuiya na kushiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa anaona aibu kulia mbele za watu. Mzigo ndio uliotuonyesha mahali pa kushika spana.

Akina mama wa jumuiya wakaanza kwenda kwake jioni. Mwanzoni wao walisali, yeye akasikiliza. Sala yake haikurudi kwa siku moja, na hata leo ziko siku ngumu. Lakini amerudi Mezani, na akilia analia akiwa katikati ya ndugu.

Mpendwa msomaji, yule baba wa Marko 9 alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akamwomba Yesu amsaidie kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe. Basi kabla hujakubali kwamba imani yako imekufa, kagua viungo: Neno, Meza ya Bwana, sala, ushirika wa ndugu, na msamaha ambao bado hujautoa. Palipolegea pakazwe. Na kama mkono wako hauna nguvu, waite wazee wa kanisa wakaze pamoja nawe.