Gundi ya Dakika Moja

Gitaa langu la kwanza nililinunua Kariakoo mwaka 1996, likavunjika kabla sijajua kulipiga. Lilianguka kutoka juu ya kabati la kanisa, Jumamosi jioni, wanakwaya wenzangu wakitazama. Daraja, yaani kile kibao kilichogandishwa tumboni kushika nyuzi, liling'oka likaondoka na ganda la mbao. Hakuna aliyeuliza kama linafaa kutengenezwa. Swali lenyewe halikuwepo. Kitu kikivunjika kinapelekwa kwa fundi, na fundi tuliyemjua sisi alikuwa Keko, anatengeneza makochi.

Naye akalitengeneza kama kochi. Gundi nyeupe ya mbao, skrubu mbili, na kwa kuwa alikuwa mtu mkarimu akaongeza ya tatu bila malipo. Uzi mwembamba ulipokatika tulichomoa unyuzi mmoja kwenye waya wa breki ya baiskeli tukaufunga. Gitaa lililia kama debe, lakini lililia, na tukaenda nalo mpaka Kibaha na Bagamoyo. Tangu hapo nikawa na imani kwamba hakuna gitaa bovu, kuna fundi mvivu.

Kilichotuokoa ni kwamba lilikuwa la plaiwudi. Plaiwudi ni mbao nyembamba zilizobandikwa zikipishana mishipa, kwa hiyo haipasuki ovyo, na haiimbi vizuri pia. Gitaa alilokuwa nalo John Lennon siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957 lilikuwa Gallotone Champion, la bei nafuu, kutoka Afrika Kusini, na ndani yake kulikuwa na lebo inayodhamini kuwa halitapasuka. Juu ya sauti lebo haikuahidi kitu.

Miaka ikapita, magitaa ya bei rahisi yakajaa madukani, nami nikageuka. Vijana wa kwaya waliponiletea gitaa lililopinda shingo nilikuwa nawaambia bila hata kulishika: usihangaike, nunua jingine. Nilijiona mtu wa mahesabu.

La pili nililipata mwaka 2009 kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Nililitaka kwa sababu ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akiimba kwa Kiswahili na gitaa moja tu, na ukimsikiliza unaapa wapigaji ni wawili. Sikuwa na vidole vyake, basi nikasema angalau niwe na mbao nzuri. Uso wa gitaa hili ulikuwa mbao nzima ya sprusi, siyo plaiwudi. Dar es Salaam lilikaa miaka minane bila neno.

Mwaka 2017 kazi ilinihamishia Dodoma. Nililitundika ukutani sebuleni, likapendeza. Ilipofika Septemba, mvua ya mwisho tukiwa tumeisahau, midomo imetupasuka sote, usiku mmoja nikasikia *ta!* kama sahani imepata ufa jikoni. Asubuhi nikaona mstari kutoka kwenye daraja mpaka mkiani, kucha inapita.

Mbao nzima hupumua. Pwani inakunywa unyevu na kuvimba, bara inautoa na kusinyaa. Inasinyaa kwa upana wake, huku vile vijiti vilivyogandishwa kwa ndani kuiimarisha vimeishika haiwezi kusogea. Haina njia ila kupasuka. Hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba dukani kwa jirani kuna gundi ya dakika moja, ile inayogandisha mpaka vidole. Nikanunua vichupa viwili. Nikaimimina kwenye ufa mpaka ukajaa, nikafunga kamba ya manila kiunoni mwa gitaa, nikalala nikijisifu.

Desemba mvua zikaanza. Mbao ikarudi kuvimba, ikakuta nafasi yake imekaliwa na kitu kigumu kama kioo. Ukaota ufa wa pili, pembeni ya ule wa kwanza.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee wa Magomeni, mpiga gitaa wa bendi enzi zake. Nilisafiri nalo kwa basi, nimelipakata kama mtoto. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye gitaa. Akalegeza nyuzi zote kabla ya kuniuliza jina.

"Hizi zikikazwa sawasawa zinavuta kama kilo sabini na kitu," akasema. "Mfuko mmoja na nusu wa simenti. Sasa wewe umelifunga kidonda mzigo ukiwa juu yake."

Kisha akaanza kugonga, kwa kifundo cha kidole, polepole, kuanzia chini akizunguka. *Ko. Ko. Ko.* Mahali pamoja, karibu na daraja, ikajibu *kra*. Akatia chaki hapo. "Kijiti kimeachia." Akaingiza kioo kidogo cha wanja na tochi tumboni, akanionyesha. Akaweka rula ya chuma juu ya shingo, ikateleza hadi ikagusa ukingo wa juu wa daraja bila kushuka chini yake, akaguna kwa kuridhika. Shingo ingekuwa imekunjuka, alisema, angenirudishia gitaa langu niende zangu, maana kuing'oa na kuipanga upya ni kazi ya kununua gitaa jingine.

Mwishoni akakwangua ufa kwa ukucha, akanusa.

"Nani kaweka hii?"

"Fundi mmoja, mzee. Dodoma."

"Huyo fundi mwambie aache."

Akaandika bei nyuma ya risiti ya luku. Sijaitupa karatasi ile. Mistari miwili: *Ufa na kijiti, 40,000. Kutoa gundi, 110,000.*

Nilisimama pale nikipiga hesabu yangu ya zamani. Kwa 180,000 ningepata gitaa jipya Kariakoo siku ileile. Lakini sehemu kubwa ya deni lile nilikuwa nimejiandikia mwenyewe kwa vichupa viwili. Mbao ilikuwa inanidai elfu arobaini tu. Nikamwachia.

Kazi ilichukua wiki sita. Gundi aliitoa kwa asetoni, tone kwa tone, kwa pamba za masikio, akiogopa isimumunye vanishi. Halafu akaliacha siku tisa bila kuligusa, na unyevu wa Dar ukaziba nyufa zenyewe zikabaki uzi. Hapo ndipo akatia gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, ambayo fundi wa kesho akiipasha moto inaachia. Kwa ndani akabandika vibao vinne vya ukubwa wa stempu kukingama nyufa. Daraja lilikatika wakati wa kulitoa, akachonga jipya kwa kipande cha mpingo alichookota kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo unazama majini, na daraja zito hubana sauti, kwa hiyo alilikwangua siku nzima hadi likawa jembamba vya kutosha. Hilo hakunitoza.

Nilipokwenda kulichukua nilimpelekea na lile la Keko. Nilitaka, nadhani, asikie historia yake. Akaweka rula. Nyuzi zilikuwa zimeinuka karibu sentimita nzima katikati ya shingo, pale zinapotakiwa kuwa milimita mbili au tatu. Skrubu zimekula mbao yote ya chini ya daraja, hakuna pa kushika. Akalizungusha mara moja mkononi.

"Hili limekwisha siku ya skrubu ya kwanza," akasema. "Ila vifunguo vyake vizima."

Nikamwachia akavitoa. Vyote sita viko kwenye gitaa la binti wa kwaya ya mtaani kwake, aliyeletewa na mama yake likiwa halina kifunguo cha kukazia hata uzi mmoja.

Langu liko Dodoma, ndani ya kasha, siyo ukutani, pamoja na kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji lililoloweshwa na kukamuliwa. Kila Jumapili kuanzia Mei hadi mvua zirudi ninalilowesha tena. Lako likipasuka leo, legeza nyuzi, lifunge kitambaa, litafutie mtu wa kuligonga na kulisikiliza. Gundi ya dakika moja iache dukani.