Kijineno "Wangu" katika Kifaransa

Mwaka 2008 nalikwenda Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa, kwa kazi ya miezi sita, nikapanga chumba kwa mzee mmoja Mngazija. Wangazija ni wengi mji ule, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu. Lakini nje ya nyumba ile hapana budi Kifaransa, na changu kilikuwa cha kitabuni tu.

Kazini palikuwa na bibi mmoja wa Aljeria, mtu mzima mwenye stara yake, aliyenifundisha kazi kwa subira kubwa. Siku moja mumewe alikuja kumchukua. Nikataka kumsifu mbele ya bwana wake, nikasema kwa furaha: "Madame, c'est ma copine!" Nalidhani nimesema kuwa bibi huyu ni mwenzangu. Yule bwana alinitazama asinene neno. Bibi akainamisha uso, wakaenda zao.

Usiku nikamhadithia mzee. Akashika kichwa. "Mwanangu, umemwambia mtu kuwa mkewe ni hawara wako!"

Neno lenyewe halina ubaya. Copain, na kwa mwanamke copine, asili yake ni Kilatini: mtu mnayekula naye mkate mmoja. Watoto wa skuli huitana hivyo mchana kutwa. Ubaya huletwa na kile kijineno "wangu". Mwanamume akisema une copine, huyu ni mmoja katika marafiki. Akisema ma copine, wengi hufahamu kuwa ni mpenzi wake. Mimi ilinipasa kusema une collègue, mwenzangu wa kazi, basi.

Na neno ami, ambalo ndilo rafiki khasa, lina mtego wake. Rafiki mume ni mon ami, rafiki mke ni mon amie. Katika maandishi zaonekana mbili, lakini sikioni ni sauti moja. Mzee alinambia kuwa binti yake akimwaga kwa neno hilo, yeye humwuliza jina la huyo rafiki kabla hajafungua mlango. (Nasi tusiwacheke. Kijana wa kwetu akisema "nakwenda kwa rafiki yangu," mama yake huuliza mambo yayo hayo.)

Juma zima yule bibi hakukaa nami meza moja wakati wa chakula. Mumewe alipokuja tena nikamwendea, nikamwambia yale niliyofundishwa na mzee: kwamba mkewe ni mwenzangu wa kazi, nami namheshimu, na ulimi wangu ulikosa. Nalimwita vous, yaani "nyinyi", kama ipasavyo kwa mtu usiyemzoea. Akacheka, akanishika mkono, akasema tuambiane tu, "wewe".

Bibi tuliitana vous mpaka siku niliyoondoka.